Masaa Matano kwa Siku

4 Februari

Kaka Nondo,

Natumai hujambo na hilo daraja lenu bado limesimama, maana namjua aliyefunga vyuma vyake. Simu huko kambini haishiki, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa lori la saruji, na nimemwonya asiifungue njiani. Mama anakusalimu. Amesema nisikutie wasiwasi, basi naanza na wasiwasi moja kwa moja.

Transfoma ya mtaa imeungua. Ililipuka mchana wa Jumapili, watoto wakapiga makofi, na leo ni wiki ya tatu hatuna umeme. Tukienda kuuliza ofisini tunaambiwa tusubiri. Watu wengine umeme ukikatika wanakosa taa. Mama anakosa pumzi. Mashine ya oksijeni aliyotoka nayo hospitali imekaa kando ya kitanda chake, haina kazi. Natumia mitungi. Naifuata mwenyewe hospitali na toroli ya jirani, na kila nikipita kwenye lile shimo la kona naomba Mungu isidondoke.

Daktari alisema avute masaa matano kwa siku, jioni. Nesi akasema kwa masaa hayo mtungi mmoja utakwenda siku nne. Haufiki hata mbili! Nimegombana na mtunza stoo. Namwambia mitungi yenu inavuja, ananijibu labda mama yako anagawia mtaa mzima. Kidogo nimrukie.

Kaka, mwenzangu mmoja kazini amefunga sola, na fundi aliyemfungia anasema mashine kama ya mama inaweza kuendeshwa nayo. Tufanyeje? Nikimwacha asubuhi nakwenda kiwandani roho juu juu mpaka narudi saa kumi na moja.

Nilisahau. Nimepandishwa cheo. Sasa ni msimamizi wa sehemu ya kola za mashati, wanawake kumi na wanne chini yangu. Mama alilia. Alidhani ile miaka sita ya kumuuguza baba imenimaliza.

Dada yako,
Bosi wa Kola


15 Februari

Bosi wa Kola,

Hongera! Nimewaambia vijana wa nondo kwamba dada yangu ana watu kumi na wanne chini yake, mmoja akauliza kama umeolewa. Nimempa kazi ya kubeba kokoto.

Sola tutafunga. Katika mji ambako lori letu linapakia saruji kuna duka, ila vitu vyao huagizwa kutoka ghala la mbali na lazima wajue mapema ni vya ukubwa gani. Mwite huyo fundi ajaze fomu. Kila kitu kitakachowaka kiandikwe, na masaa yake. Andika ukweli, usijaze kama unavyotaja umri wako. Mashine ya mama ndiyo ya kwanza, vingine vyote ni mapambo.

Sitaki kusikia mama amekosa hewa na mimi niko hai.

Kaka yako,
Nondo


23 Februari

Kaka,

Fundi alikuja jana. Mtu mfupi, mpole, kalamu ya risasi imekaa sikioni kama imeota hapo. Alivua viatu mlangoni, akapanda juu, akatembea kwenye mabati bila kuyapigisha kelele. Kisha akaketi karibu na kitanda cha mama na fomu yake.

Akauliza, "Mashine hii inawaka masaa mangapi kwa siku?"

Kabla sijafungua mdomo mama akajibu, "Matano." Akainua na vidole vitano, utadhani fundi ni kiziwi.

"Na mchana je, mama?"

"Mchana nalala, mwanangu. Aliyelala ana haja gani na mashine?"

Tukacheka. Fundi akaandika matano. Amesema kwa masaa hayo, taa nne, redio na kuchaji simu, tutatosheka na betri moja na paneli tatu. Kama ingekuwa zaidi zingehitajika betri mbili na paneli sita. Halafu akanitazama mimi: "Dada, pasi ya umeme hapana. Pasi inakunywa betri." Nikamwambia pasi naiona kazini kutwa, nyumbani siitamani.

Fomu nimeiweka ndani ya barua. Fanya haraka, kaka. Mtungi wa juzi nao umekwisha leo.

Bosi wa Kola


24 Februari

Mwanangu mpenzi,

Barua hii dada yako haijui. Nampa jirani ampelekee dereva. Samahani kwa mwandiko, naandika nikipumzika kila mstari.

Yale masaa matano ni ya daktari, si yangu. Mimi navuta kutwa. Dada yako akishatoka asubuhi nafungua mtungi, na jioni nikisikia viatu vyake kwenye kokoto za nje nafunga, najilaza. Nimekwisha kuujua mwendo wake. Siku za Jumapili akiwa nyumbani ndizo ngumu, najikaza mpaka jioni. Bila ile hewa kifua kinanibana hata kuchana nywele siwezi.

Siwezi kumwambia. Ataacha kazi, tena kesho yake. Aliacha chuo kwa ajili ya baba yenu, mchumba akachoka kusubiri, na wala hakulalamika. Sasa hivi akirudi ananisimulia habari za kola mpaka nacheka. Ana uso mwingine kabisa. Sitaki aurudishe ule wa zamani kwa ajili yangu, mimi niliyebakiza siku chache.

Kwa hiyo nakwambia wewe peke yako. Ukiweza kuiongeza hiyo sola asishtuke, ongeza. Usipoweza, nyamaza, nitajibana. Lakini usimwambie. Hilo naliomba kama mama yako.

Mama yako mzazi


9 Machi

Bosi,

Mzigo umeagizwa kama fundi alivyoandika: paneli tatu, inveta ya kugeuza umeme wa betri, betri moja. Mwisho wa mwezi utafika mlangoni. Usibadilishe kitu, ukibadilisha tunaanza foleni upya na wewe utazeeka na toroli.

Jambo moja. Siku ya jua kali mama akitaka kuwasha mashine mchana kidogo, mwache, usimgombeze.

Ndani kuna karatasi iliyofungwa. Ni ya mama. Usichungulie.

Nondo

(Karatasi iliyofungwa)

Mama yangu,

Barua yako ilinikuta fomu imekwisha kwenda. Nikiibadilisha utangoja wiki sita nyingine, na zikija betri mbili dada ataniuliza mpaka nitapike ukweli. Nimenyamaza kama ulivyotaka. Jua likiwaka washa mchana bila hofu, paneli zitabeba. Siku za mawingu ujibane kidogo tu. Nikija mwenyewe mwezi wa saba nitaongeza betri ya pili, nitasema nimeiokota.

Mwanao


3 Aprili

Kaka Nondo,

Inawaka! Kaka, inawaka!

Fundi alifunga jana kuanzia asubuhi. Mtaa wote ulisimama chini ukimpa ushauri, hadi watu ambao balbu wanabadilishiwa na wake zao. Yeye anaitikia tu, "Sawa mzee, sawa mama," na anafanya lake. Alipobonyeza swichi mashine ikaguna, ikaanza kuvuma, na mama akafumba macho kama mtu aliyewekwa kwenye maji ya uvuguvugu. Nikaenda jikoni kulia, nikasingizia moshi.

Inveta ina kitaa cha kijani. Betri ikipungua kinakuwa chekundu na inalia pi, pi, pi. Mama anasema ana kifaranga chumbani.

Mitungi nimeirudisha yote. Nilitaka kubakiza mmoja wa akiba, nesi akaniambia kuna mtoto wodini anausubiri, nikaona haya, nikautoa. Mtunza stoo akaniuliza imeacha kuvuja? Safari hii nilicheka naye.

Ahsante, kaka. Jana nililala.

Bosi wa Kola


17 Aprili

Kaka,

Mama ametuacha jana. Keti kwanza, kama umesimama.

Mvua ilianza Ijumaa na haikukatika. Jua hatukuliona siku nne. Jumatatu jioni kitaa kilikuwa chekundu, nikazima taa zote na redio, mashine nikaiacha, ikamaliza masaa yake. Asubuhi ya jana kulikuwa na wageni wa ukaguzi kiwandani na wasimamizi tuliambiwa tuvae nadhifu. Blauzi yangu ilikuwa na makunyanzi. Kaka, nilichomeka pasi. Nilikuwa nimeonywa na nilichomeka. Blauzi na sketi, robo saa labda. Inveta ikalia, nikachomoa. Nikajiambia mpaka jioni itajaa.

Nimerudi saa kumi na moja. Nyumba kimya. Mama alikuwa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, mrija uko puani na plagi ya mashine ameishika mkononi. Alikuwa anaihamisha kutoka soketi hii kwenda ile, akitafuta penye umeme.

Mchana huwa hawashi, unajua mwenyewe, mchana hulala. Sijui alibanwa saa ngapi. Siku moja tu aliihitaji mashine mchana, siku moja, na mimi umeme wake nilikuwa nimeumalizia kwenye blauzi.

Tunamzika kesho. Wanasema barabara ya kwenu imekatika na lori halipiti. Sijui utaisoma lini.

Dada yako


19 Aprili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Tumekwama huku, mto umepanda na lori liko ng'ambo, kwa hiyo barua hii itangoja maji yapungue. Tunalala, tunacheza karata, mpishi anapika maharage kwa namna mpya ya kuyaharibu kila siku.

Huyo kifaranga wako wa chumbani anaendeleaje? Dada aliniandikia jinsi ulivyofumba macho siku ya kwanza. Nimeisoma hiyo sehemu mara nyingi, karatasi imeanza kukatika. Nimefanya kazi miaka mingi, sijawahi kujenga kitu kilichonipa raha kama hicho.

Najua mvua imefika na huko. Vumilia, mama. Ikipungua tu washa kutwa, uvute mpaka ushibe. Mwezi wa saba si mbali.

Mwanao


4 Mei

Dada yangu,

Barua yako nimeipata jana. Nimeisoma nimesimama.

Niliomba kuondoka, wakaniambia mama amekwisha kuzikwa unakwenda kufanya nini. Nikarudi kufunga nondo. Mikono inafanya yenyewe.

Dada, si wewe. Nakuapia. Robo saa ya pasi haiui mtu. Betri ile lazima ilikuwa mbovu, yule fundi ametufungia kitu kibovu. Betri nzima haiwezi kuzima vile. Usijilaumu, mlaumu yeye.

Na hiyo barua ya tarehe 19 niliyomwandikia mama, kama imefika, usiifungue. Ichome.

Nondo


22 Mei

Ndugu Nondo,

Salamu na pole nyingi. Mimi ni fundi niliyefunga sola kwenu. Anwani nimepewa na dereva wa lori.

Dada yako alikuja kwangu na barua yako mkononi, na nyuma yake mtaa. Yeye hakunitukana. Aliuliza tu, "Fundi, betri ilikuwa nzima?" Nikaipima mbele yake, ni nzima. Hakuniamini, kwa sababu kaka yake ameandika ni mbovu. Tangu siku hiyo watu wawili wamenitaka nikang'oe paneli zangu kwao, na mlangoni kwangu wameandika muuaji kwa mkaa. Mke wangu hufuta, wanaandika tena.

Ndugu, inveta ile huweka kumbukumbu. Niliisoma nikiwa peke yangu. Tangu siku ya kwanza, kila asubuhi saa mbili mashine inawashwa, inazimwa saa kumi na moja. Kila siku, isipokuwa Jumapili. Pasi ilikula kidogo mno. Betri ilianza kuisha tangu ile Ijumaa ya mvua, kwa masaa ambayo kwenye fomu yangu hayapo.

Sijamwambia dada yako. Hilo ni la nyumba yenu, mimi ni mtu wa kupita. Lakini nami nina langu. Siku ile mama alinijibu haraka mno, na midomo yake niliiona ilivyokuwa na rangi ya buluu. Ningeuliza mara ya pili. Sikuuliza, niliona ni utovu wa adabu kumbishia mzazi mbele ya binti yake. Nikaandika matano.

Kama kuna unalolijua, sema. Si kwa ajili yangu tu. Dada yako amekonda.

Fundi wa sola


30 Mei

Dada,

Fundi hana kosa. Betri haikuwa mbovu. Nilikudanganya.

Ndani ya barua hii kuna barua ya mama ya tarehe 24 Februari. Isome kwanza, halafu urudi kwangu.

Nilijua tangu mwezi wa tatu. Nilijua masaa ni ya uongo, nikaacha betri moja ije. Nilijiambia jua litasaidia. Nilijiambia mwezi wa saba. Ukweli ni kwamba niliogopa maswali yako kuliko nilivyoogopa mawingu. Na ulipoandika kuhusu pasi niliona mahali pa kusema, kalamu ilikuwa mkononi, nikaandika fundi. Kama ningekuambia mama alikuwa akivuta kutwa ungeuliza nimejuaje.

Si blauzi, dada. Ni mimi. Sijui kama unaweza kunisamehe, na sijui kama naomba hilo au naomba tu usiendelee kuibeba ile pasi.

Kaka yako


14 Juni

Kaka,

Nimeisoma barua ya mama. Mstari wa mwisho herufi zimelala kabisa, nikajua hapo hewa ilikuwa imemwishia.

Nilikwenda kwa fundi siku hiyo hiyo. Wamehama. Mwenye nyumba hajui walikoelekea, na mlango bado una yale maandishi. Niliyafuta kwa kanga yangu. Mtaa nimeuambia ukweli, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Wakasema aa, kumbe, wakaendelea na shughuli zao.

Unataka kujua kama nimekusamehe. Sijui. Kuna jambo jingine linanikaba kwanza. Kila jioni nikifika nilikuwa naburuta viatu kwenye kokoto makusudi, asikie nimerudi, afurahi. Kumbe nilikuwa namwambia zima. Nimepigana na mtunza stoo miezi kwa mitungi isiyovuja. Nyinyi wawili mlijua, mmoja kitandani na mwingine darajani, na mimi niliyelala chumba kimoja naye ndiye niliyefichwa. Mlikaa mkaniamulia. Mama alisema kweli, ningeacha kazi kesho yake. Ningeiacha nikiimba. Mngeniuliza.

Hospitali wamekuja kuchukua mashine yao. Betri sasa inajaa kabla ya adhuhuri. Taa nne na redio haziimalizi, inabaki nyingi mno. Kitaa ni kijani muda wote.

Na kazi nimeacha, kaka. Kola hazitoki bila pasi. Mezani kwangu pasi zilikuwa nane, zinafuka tangu asubuhi, na kila moja ikiguswa na maji inapiga mlio, nami nasikia ile inveta. Nilivumilia mwezi. Tarehe 24 Mei niliweka ufunguo wa kabati mezani nikatoka. Barua yako ilifika Juni 7. Nilikwenda kuomba nirudi, nikamkuta msichana mwingine amekwisha kukaa kwenye kiti, ana daftari langu, ananiuliza anitafutie nani.

Ni kwa ajili ya kazi ile mama alificha pumzi zake. Ungesema Mei 4, ningekuwa nayo.

Dada yako